Saa Mia Mbili za Urafiki: Mwongozo kwa Anayekwenda Kusoma au Kufanya Kazi Ujerumani

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ushirikiano kuhusu uhamiaji na ajira mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Ukikaa na vijana wanaosoma Kijerumani, Nairobi, Moshi au Dar es Salaam, utasikia maswali yaleyale: kiwango cha lugha cha B1 kinapatikana baada ya miezi mingapi, viza inachukua muda gani, posho ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ni kiasi gani. Muuguzi, mwanafunzi wa shahada, au pair, anayekwenda kujitolea mwaka mmoja kupitia dayosisi, kila mmoja ana faili lake la karatasi.

Hakuna karatasi inayohusu jioni. Mtu anafika Leipzig au Bochum, akaunti ya benki imefunguliwa, kadi ya bima imeletwa na posta, na siku ya kazi ikiisha hana hata mmoja wa kumwambia “njoo tutembee”. Wala si yeye peke yake. InterNations, mtandao ambao kila mwaka huwahoji maelfu ya watu wanaoishi ugenini, umekuwa ukiiweka Ujerumani karibu na mkia katika kipengele cha urahisi wa kupata marafiki. Na wala si jambo la juzi. Sayyida Salme binti Said wa Zanzibar alifika Hamburg mwaka 1867, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na miaka 3 baadaye akafiwa na mumewe kwa ajali ya tramu. Barua alizomwandikia rafiki wa Zanzibar, zilizochapishwa baada ya yeye kufariki mwaka 1924, zimejaa upweke wa mji ambao kila mlango umefungwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya hizo jioni. Mifano yote ni ya Ujerumani, kwa sababu ushauri wa jumla kama “jichanganye na watu” haumsaidii mtu aliyesimama kwenye korido asijue abishe mlango upi.

Kwanza, kwa nini ni vigumu

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliwahoji watu waliohama mji na wanafunzi waliofika chuoni karibuni, katika utafiti uliotoka mwaka 2018. Alikadiria kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu wa salamu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Aligundua pia kwamba saa za kazini hazina uzito sawa na saa za mapumziko. Unaweza kumgeuza mgonjwa kitandani na mwenzako kila zamu kwa mwaka mzima, na bado mkabaki wafanyakazi wenza tu.

Kwetu saa hizo hujikusanya bila kuhesabiwa. Mtu anabisha hodi bila taarifa, anakaa barazani, anakesha kwenye msiba, anamenya vitunguu siku mbili kabla ya harusi ya jirani. Ujerumani, saa za namna hiyo hupangwa. Nyumba ni ya faragha, na mtu wa miaka 30 mara nyingi bado anao marafiki aliosoma nao shuleni, tena kalenda yake imeshajaa wiki mbili au tatu mbele. Akikwambia, “Wiki hii siwezi, vipi Jumatano ya tarehe 19?”, wengi wetu husikia kwamba tumekataliwa. Kumbe amekupa nafasi, tena ya maana, na tarehe 19 atakuwa mlangoni dakika 2 kabla ya saa.

Kwa hiyo mgeni anayetafuta watu huchoka mapema. Anayetafuta ratiba, yaani kitu kinachojirudia wiki baada ya wiki na watu walewale, anafika. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo.

Kabla ya ndege

Goethe-Institut ipo Nairobi na ipo Dar es Salaam, na mitihani yake inajulikana. Lakini darasa hukufundisha sarufi na barua rasmi, si porojo za chumba cha chai. Jizoeze kuongea dakika 5 juu ya hali ya hewa, mpira, chakula, na ulichofanya wikendi. “Ulifanya nini wikendi?” ndilo swali la Jumatatu asubuhi kila ofisi na kila wodi, na anayejibu “hakuna” kila wiki hukata mazungumzo kabla hayajaanza.

Jifunze na salamu za eneo unalokwenda. Hamburg na pwani ya kaskazini watu husema “Moin” asubuhi, mchana na usiku. Bavaria ni “Servus” kwa wanaojuana na “Grüß Gott” kwa wengine.

Kuhusu makazi, hapa ndipo wengi wanapopoteza mwaka mzima bila kujua. Chumba cha peke yako chenye jiko lake ni kizuri kwa masomo, ila ni kibaya kwa urafiki. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti wa nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani, wakaonyesha kwamba watu walifanya urafiki zaidi na wale waliokuwa mlango wa jirani au karibu na ngazi wanazopita. Omba hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, yenye jiko la pamoja, au tafuta WG, yaani nyumba ambayo watu kadhaa wamepanga pamoja, kila mmoja na chumba chake.

WG nazo si za aina moja. Tangazo likisema “Zweck-WG”, maana yake watu wanagawana kodi tu na kila mmoja ana maisha yake. Likisema “keine Zweck-WG”, wanatafuta mtu wa kupika naye na kukaa naye sebuleni. Ukiitwa kwenye usaili wa WG, na ndiyo, kuna usaili, hawakuulizi mshahara tu. Wanataka kujua unapenda nini, unalala saa ngapi, unaosha vyombo lini. Eleza unachopika. Pilau imewahi kumpatia mtu chumba pale ambapo hati ya mshahara ilishindwa.

> KISANDUKU: TAHADHARI YA CHUMBA
> Usitume pesa kabla ya kuona chumba (hata kama ni mtu unayemwamini kukuonea) na kusaini mkataba. Anayesema yuko nje ya nchi na atakutumia funguo kwa posta ni tapeli. Kisheria, amana ya nyumba haizidi kodi ya miezi 3 bila gharama za huduma, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza, jirani

1. Hakikisha jina lako limebandikwa kwenye kengele na sanduku la barua. Bila hivyo hata posta haikufikii.
2. Bisha mlango wa jirani wa kulia, wa kushoto na wa chini yako, mapema jioni, si usiku. Sema jina lako, unapotoka, na kwamba umehamia. Dakika 2 zinatosha. Usitarajie kukaribishwa ndani.
3. Msalimie kila unayekutana naye kwenye ngazi. Barabarani si lazima, ila kwenye ngazi za jengo lako kutosalimia huonekana ni utovu wa adabu.
4. Zingatia saa za utulivu: kwa kawaida kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili siku nzima kwa kelele za kuchimba kuta au kutwanga. Anayetwanga kisamvu Jumapili saa 8 mchana kwenye ghorofa atajuana na majirani, ila si kwa namna anayoitaka.
5. Ukiwa na sherehe, bandika karatasi kwenye mlango wa chini siku chache kabla, uombe radhi mapema na uwaalike wapite. Wengi hawatakuja. Lakini hawatapiga simu polisi.

Hatua ya 2: Jiunge na Verein

Hapa tukae kidogo.

Verein ni chama kilichosajiliwa, chenye katiba, mwenyekiti, mweka hazina na mkutano mkuu wa mwaka. Ujerumani vipo zaidi ya laki 6, na vya michezo peke yake ni takriban 86,000. Kuna Verein ya mpira, ya kwaya, ya bustani, ya sataranji, ya wapenda njia za reli, ya kanivali. Zimamoto wa kujitolea, ambao ndio tegemeo la vijiji na miji midogo, ni takriban watu milioni moja. Mwafrika Mashariki akisikia “chama” huwaza vikoba au chama cha wazawa wa kijiji fulani. Hapa fikiria baraza lenye katiba. Ndipo watu wazima hukutana kila wiki, na mgeni akifika kwa ratiba hiyohiyo hahitaji mwaliko wa mtu.

Sasa hesabu. Mazoezi ya saa 2 kila Jumanne yatakufikisha saa 90 baada ya wiki 45. Ukibaki saa moja zaidi baada ya mazoezi, kwenye kinywaji na maongezi, unafika kwa wiki 30. Ile saa ya ziada ndiyo yenye urafiki, na ndiyo ambayo wageni wengi huikimbia kwa sababu Kijerumani ni kigumu pale watu kumi wanapoongea kwa mpigo, au kwa sababu pale mezani kuna bia. Kaa. Agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji yenye gesi, ambayo hata Wajerumani wenyewe hunywa kwa wingi. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Mkigonganisha glasi, mtazame kila mtu machoni. Wanalichukulia kwa uzito usioutarajia.

Utaratibu ni huu:

1. Andika kwenye intaneti jina la mji au mtaa wako pamoja na “Verein” na kitu unachokipenda: Fußball, Chor, Volleyball, Schach.
2. Tuma baruapepe fupi ukiomba “Probetraining”, yaani kujaribu bure mara moja au mbili. Ni jambo la kawaida, wala si kuomba upendeleo.
3. Fika dakika 10 kabla, ujitambulishe kwa kocha, na ukimaliza saidia kubeba magoli au kukunja viti. Anayebeba viti hukumbukwa kuliko anayefunga mabao.
4. Jaza fomu ya uanachama. Ada nyingi ni nafuu kuliko gym na hukatwa benki.
5. Soma kipengele cha kujitoa. Uanachama huendelea wenyewe mpaka uandike barua ya kujitoa ndani ya muda uliowekwa. Kuacha kuhudhuria si kujitoa, na deni litakufuata.
6. Jitolee kazi moja ndogo kwenye sherehe ya kiangazi: kuchoma nyama, kuuza keki, kusimamia maegesho.

Aliyelelewa kwenye kwaya za Usharika au Kigango ana mtaji mkubwa. Kwaya za Kijerumani huhitaji daima sauti za kiume, hasa sauti ya tena (tenor). Anayesoma nota atapokewa mara moja, na asiyezisoma lakini ana sikio zuri hatarudishwa.

Wanafunzi wana njia yao iliyo rahisi zaidi. Chuo kina Hochschulsport, michezo ya chuo kwa ada ndogo, kuanzia voliboli hadi kupanda kuta. Kuna wiki ya utangulizi kwa wanafunzi wapya, na huko wanaoendesha mambo ni Fachschaft, wawakilishi wa wanafunzi wa idara. Usiikose hiyo wiki hata kama viza ilichelewa na umefika jana na usingizi machoni. Makundi ya WhatsApp ya muhula mzima huundwa siku hizo, na anayekuja wiki ya tatu hukuta watu wameshachagua nani wa kukaa naye kantini.

Asiye mwanafunzi ana Volkshochschule, shule ya jioni ya watu wazima iliyopo karibu kila mji, yenye kozi za lugha, ushonaji, upishi, picha. Jumamosi saa 3 asubuhi, miji mingi ina parkrun, mbio za kilomita 5 zisizo na kiingilio, na baada yake watu huenda kunywa kahawa.

Hatua ya 3: Tumia Kiswahili chako

Wengi hufika wakidhani wanakuja kuomba tu. Sivyo. Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu mwaka 1887 kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, ambako Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa desturi za Waswahili, alikuja kufundisha mwaka 1900. Leo kinafundishwa katika vyuo vikuu kama Leipzig, Bayreuth, Hamburg, Köln na Humboldt cha Berlin, na kila mwaka Bayreuth huwa na kongamano la Kiswahili. Wanafunzi wa madarasa hayo wana kiu ya mtu wa kuongea naye.

Nenda idara, au kituo cha lugha cha chuo, uombe mwenza wa tandem: saa moja Kijerumani, saa moja Kiswahili, kila wiki, siku ileile. Saa 2 tena, zinajirudia. Ila weka mipaka: tandem ikigeuka kuwa Kiswahili kitupu kwa sababu mwenzako ana mtihani, sema.

Kuna na mlango wa makanisa. Dayosisi kadhaa za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zina sharika rafiki Ujerumani, kupitia mashirika ya misheni ya Leipzig, Neuendettelsau kule Bavaria, au Wuppertal. Sharika hizo mara nyingi zina kamati ya Tanzania, yenye wazee waliowahi kufanya kazi Machame au Bukoba na ambao bado wanasema “shikamoo” na kusubiri “marahaba”. Hawa si rika lako, lakini ni wenyeji wenye nyumba, gari, na subira. Hamburg na Dar es Salaam nazo ni miji dada tangu mwaka 2010, na uhusiano huo umezaa shughuli ambazo mgeni anaweza kujiunga nazo.

Hatua ya 4: Alika, na alikwa

Hakuna atakayepita tu kukujulia hali. Usimsubiri. Alika wewe, na mwaliko uwe na siku, saa na mahali. “Tutafutane” haina thamani yoyote. “Jumapili saa 9 alasiri kwangu, kahawa na keki” ina thamani, tena kahawa na keki Jumapili alasiri ni desturi yao hasa.

> KISANDUKU: MANENO YA KUTUMIA
> *Hast du nächste Woche Zeit für einen Kaffee?* Una nafasi wiki ijayo tunywe kahawa?
> *Passt dir Donnerstag um fünf?* Alhamisi saa 11 jioni inakufaa?
> *Soll ich etwas mitbringen?* Nije na kitu chochote?
> *Ich verspäte mich um zehn Minuten.* Nachelewa dakika 10.
> *Ich muss leider absagen.* Samahani, sitaweza kuja.

Tahadhari ya saa. Unapoambiwa “halb acht”, ni saa moja na nusu, si saa mbili na nusu. Wao huhesabu nusu ya kuelekea saa ya nane ya saa zao. Mswahili ana mtego wa pili, kwa kuwa saa zake huanza na mapambazuko. Mpaka uzoee, andika muda kwa tarakimu na uurudie kwa aliyekualika: 19:30.

Ukialikwa nyumbani, fika kwa wakati, si mapema sana wala dakika 20 baadaye. Beba kitu kidogo, maua au chokoleti. Uliza kama viatu vinavuliwa. Usije na rafiki asiyealikwa. Chakula kimehesabiwa, na aliyekaribisha watu wanne amenunua vipande vinne vya samaki. Hili huwauma watu wetu kuliko yote, na halimaanishi uchoyo.

Mkienda mgahawani, mhudumu atauliza “zusammen oder getrennt?”, pamoja au kila mtu na lake. Jibu la kawaida ni kila mtu na lake, hata kwa wapenzi. Ukitumia neno “einladen”, kualika, umesema kwamba wewe ndiye unayelipa. Wanafunzi wamewahi kulipia meza nzima kwa ajili ya kitenzi hicho.

Hatua ya 5: Kazini

Kazini usitarajie rafiki wa karibu, tarajia mtandao wa watu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha, kwa kuwahoji watu wa karibu na Boston waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu, kwamba kwa wengi wao huyo alikuwa mtu waliyekuwa wakikutana naye mara chache tu, si rafiki wa karibu. Yule wa idara ya pili unayesalimiana naye kwenye lifti anajua nafasi ambazo wenzako wa karibu hawazijui.

Anza na “Sie”, umbo la heshima, mpaka mkubwa wa umri au wa cheo akuruhusu “du”. Hospitali na kampuni nyingi siku hizi huanza na “du” siku ya kwanza. Sikiliza wengine wanavyofanya. Nenda kula na wenzako saa ya mapumziko, hata kama umebeba wali wako kwenye kontena. Siku yako ya kuzaliwa, wewe ndiye unayeleta keki. Na usimpongeze mtu kabla siku yake ya kuzaliwa haijafika. Huko ni kumtakia mkosi.

Au pair wana hali ya pekee, kwani mwajiri wao ni familia wanayoishi nayo. Umri ni miaka 18 hadi 26 kwa wanaotoka nchi zetu, kazi haizidi saa 30 kwa wiki, na una haki ya kuhudhuria kozi ya lugha. Ishike kozi hiyo kwa mikono miwili, maana mara nyingi ndipo mahali pekee nje ya nyumba ambapo utakutana na watu wa rika lako.

Watu wa nyumbani

Kikundi cha Watanzania, Wakenya au Waswahili wa mji huo ni msaada wa kwanza. Watakuonyesha duka la unga wa sembe, daktari anayesikiliza, na msusi. Ukifiwa, hao ndio watakaokaa nawe. Yeyote anayekwambia “kaa mbali na watu wa nyumbani, watakupoteza” amekosea.

Ila kuna mtego, nao ni wa saa tena. Wikendi zote 4 za mwezi zikiwa za nyama choma na watu walewale 12, baada ya miaka 3 una Kijerumani kilekile ulichoshuka nacho uwanjani, pamoja na majungu ya mji mzima. Gawa wiki: jioni moja ya Verein isiyoguswa, na wikendi ziwe za watu wa nyumbani. Tiketi ya Deutschlandticket, iliyouzwa euro 58 kwa mwezi mwaka 2025, inakufikisha kwa treni za mikoa kwa ndugu walio mji wa mbali bila nauli ya ziada. Na kama kikundi chenu kimekua, watu 7 wanatosha kisheria kusajili Verein yenu wenyewe, hatua inayowafungulia njia ya kuomba kumbi na ruzuku za manispaa.

Usiwadharau pia wageni wengine. Rafiki wa kwanza wa mgeni huwa ni mgeni mwenzake, Msyria, Mkolombia, Mvietinamu, kwa sababu kalenda yake nayo iko tupu. Kijerumani chenu kibovu mtakijenga pamoja, na hakuna atakayecheka.

Makosa yanayojirudia

☐ Kungoja lugha iwe nzuri kwanza. Lugha inakuja kwenye ile saa ya baada ya mazoezi.
☐ Kujiunga na vitu vinne mwezi wa kwanza, kisha kuacha vyote wa tatu.
☐ Kusema “ndiyo” kwa adabu na kutotokea. Afadhali “hapana” ya wazi siku mbili kabla.
☐ Kuchukua ukimya kama chuki. Mtu anaweza kukaa nawe kwenye treni saa nzima bila neno, na bado akakupenda.
☐ Kuomba mkopo kwa mtu mliyejuana miezi mitatu.

> KISANDUKU: HATARI ZA KWELI
> Rafiki mpya anayetaka upokee pesa kwenye akaunti yako na kuzituma kwingine, hata kwa “kamisheni”, anakuingiza kwenye utakatishaji fedha. Kataa na umripoti.
> Mwajiri au wakala hana haki ya kukaa na pasipoti yako.
> Polisi ni 110; zimamoto na gari la wagonjwa ni 112. Mwanamke anayefanyiwa ukatili anaweza kupiga 116 016 bure, saa 24, na kupata msaada kwa lugha nyingi.
> Ukibaguliwa kazini au kwenye kutafuta nyumba, sheria ya kutendewa sawa, AGG, ya mwaka 2006 inakulinda, na ipo ofisi ya shirikisho ya kupinga ubaguzi inayotoa ushauri bila malipo.

Desemba

Katikati ya Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa 10 alasiri. Mtu aliyezoea mchana wa saa 12 mwaka mzima hulala sana, hula ovyo, na huanza kuamini kwamba hakuna anayemtaka. Sehemu ya hisia hiyo ni giza tu. Toka nje saa za mchana, hata nusu saa, hata kukiwa na mawingu. Usiache Verein wakati huo. Ndiyo miezi ambayo karamu za kufunga mwaka hufanyika, na ukikosa hizo unakosa saa nyingi kwa mkupuo. Uliza mapema wenzako wa hosteli nani atabaki Krismasi, kwa sababu kuanzia tarehe 24 jioni miji hufunga na wenyeji hurudi kwa wazazi wao. Wanaobaki hupika pamoja.

Huzuni ikizidi wiki mbili, usiifiche nyumbani kwa kutuma picha za theluji. Studierendenwerk huwa na washauri wa kisaikolojia kwa wanafunzi. Kwa yeyote, simu ya Telefonseelsorge, 0800 111 0 111, hupokelewa bure saa 24 kwa Kijerumani, na mpigaji hahitaji kutaja jina.

Tarehe za kuweka kwenye simu

Muhula wa baridi wa vyuo vikuu huanza tarehe 1 Oktoba na wa kiangazi tarehe 1 Aprili. Vyuo vya sayansi tumizi mara nyingi hutangulia mwezi mmoja. Wiki ya utangulizi huwa kabla tu ya vipindi kuanza. Usajili wa Hochschulsport hufunguliwa siku na saa maalumu inayotangazwa na chuo, na makundi ya voliboli na dansi yanaweza kujaa siku hiyohiyo. Weka kengele kwenye simu, na uwe umeshaingia kwenye ukurasa dakika 5 kabla.